Kupanga nyonga bandia kwa picha kabla ya upasuaji: mwongozo kamili kwa madaktari na wapiga picha wa Dar es Salaam

Bahasha ya kaki huingia kwanza, mgonjwa nyuma yake. Ndani mna eksirei tatu nne. Mbili zimegandana kwa joto, moja imeandikwa "nyonga kulia" kwa kalamu ya wino, bila tarehe. Mwenye bahasha amepanda daladala mbili kutoka Chanika, na njia nzima amesimama kwa sababu kukaa kunamuuma kuliko kusimama. Anataka jibu moja tu: lini atabadilishiwa nyonga. Mimi nataka kwanza kujua kama kati ya picha hizo ipo hata moja inayoweza kupimwa.

Mara nyingi haipo, ndiyo maana nimekaa kuandika haya. Siku hizi vijana wetu wakirudi kutoka kwenye mikutano wanazungumzia roboti na programu zinazochora nyonga kwa rangi saba. Sina ugomvi na roboti. Lakini ninapoitwa kumwangalia mgonjwa ambaye kikombe cha nyonga yake bandia kimekaa upande, au mguu wake umerefuka mpaka anaweka soli ya ziada kwenye kiatu kimoja, nikirudi kwenye faili lake nakuta kisa kilekile: eksirei iliyopigwa ovyo, na mpango uliofanywa kwa macho asubuhi ya upasuaji, chai ikiwa mkononi. Fundi wa Keko hakati mbao ya kitanda bila kuweka futi. Sisi tunakata mfupa wa mtu.

Nimemwandikia daktari anayeanza kazi ya mifupa na mtaalamu wa mionzi anayempigia picha. Mgonjwa au ndugu yake akisoma pia atapata maswali ya kuuliza.

Tunachotafuta kwenye picha

Nyonga bandia ina sehemu nne: kikombe kinachokaa kwenye tundu la fupanyonga, bitana ya plastiki ngumu au kauri ndani yake, kichwa cha duara, na shina linaloingia ndani ya mfupa wa paja. Nyonga bandia ya kisasa ilianza kushika njia Uingereza mwaka 1962, pale daktari wa upasuaji John Charnley alipoanza kutumia kikombe cha plastiki ya polithini na kichwa kidogo cha chuma chenye kipenyo cha milimita 22 hivi. Vifaa vimebadilika sana tangu hapo, ila maswali ya mpangaji ni yaleyale. Kitovu cha nyonga kikae wapi? Kikombe kilale kwa nyuzi ngapi, na kitazame mbele kwa nyuzi ngapi? Mguu uwe na urefu gani? Na paja liwe mbali kiasi gani na fupanyonga?

Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Umbali kutoka kitovu cha kichwa hadi mstari wa katikati ya mfupa wa paja mimi nauita mtoko. Mtoko ukipungua, misuli ya kando ya nyonga inalegea. Mgonjwa anachechemea, na nyonga inaweza kuchomoka hata kama kikombe kimekaa vizuri.

Kuhusu nyuzi za kikombe, kila mwanafunzi amekariri "eneo salama" la mtafiti Lewinnek la mwaka 1978: mlalo wa nyuzi 40, na mtazamo wa mbele wa nyuzi 15, kila kimoja kikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa nyuzi 10. Katika utafiti wake, nyonga zilizokuwa ndani ya eneo hilo zilichomoka kwa asilimia 1.5, na zilizokuwa nje kwa asilimia 6.1. Sasa sikiliza upande wa pili. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliziangalia nyonga 206 zilizochomoka, wakakuta asilimia 58 vikombe vyake vilikuwa ndani ya eneo hilo hilo salama. Kwa hiyo namba ile ni pa kuanzia tu. Kikombe kimewekwa ndani ya fupanyonga, na fupanyonga yenyewe huyumba kila mtu anapokaa na kuinuka. Nitalirudia hili, kwa sababu hapa kwetu lina uzito wake.

Hatua ya 1: Muulize anavyokaa

Kabla ya kujaza fomu ya picha, mpe mgonjwa dakika tano.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Nyumbani unakaa kwenye nini?"

"Kiti kipo, cha wageni. Mimi ni mkekani. Na nikipika, kwenye mbuzi."

Mbuzi ya kukunia nazi haifiki hata nusu ya kimo cha kiti. Anayeikalia anakunja nyonga kupita nyuzi 90 na kuinama mbele, na akitaka kuinuka bila kushika kitu anaingiza goti ndani na kujisukuma. Hapo ndipo shingo ya shina hugonga ukingo wa mbele wa kikombe, na kichwa kikasukumwa kutoka kwa nyuma. Vitabu tunavyosomea vimeandikwa na watu ambao wagonjwa wao hukaa kwenye sofa. Wa kwetu wanachuchumaa chooni, wanasujudu, wanakula mkekani. Uyaandike hayo kwenye faili pamoja na shinikizo la damu na sukari.

Uliza na mgongo. Amewahi kufungwa vyuma vya mgongo? Akiamka asubuhi mgongo unakakamaa kama ubao? Akikaa, anainama kwa kiuno au kwa nyonga? Majibu ndiyo yatakayoamua kama ataongezewa picha za ubavu.

Kisha msimamishe. Weka vibao vya milimita 5 chini ya mguu mfupi, kimoja baada ya kingine, mpaka mwenyewe aseme amesimama sawa. Andika idadi yake. Namba hiyo isipolingana na utakayoipata kwenye eksirei, usiitupe yoyote kati ya hizo mbili: huenda mgongo umepinda au misuli ya nyonga imekaza, na mguu unaonekana mfupi kuliko ulivyo. Ukiurefusha mguu wa namna hiyo kwa kufuata jicho, mgongo au misuli ikija kulegea atabaki na mguu mrefu maisha yake yote.

Hatua ya 2: Picha mama

Picha mama ni eksirei ya fupanyonga nzima kutoka mbele, nyonga zote mbili kwenye picha moja. Usikubali picha ya nyonga moja, maana utakosa upande wa kulinganisha.

Mtaalamu wa mionzi, hapa nazungumza na wewe. Mgonjwa alale chali. Mwale wa kati ushuke kwenye kiungo cha kinena, si juu yake kama kwenye picha ya kawaida ya fupanyonga, kwa sababu tunahitaji kuona mfupa wa paja ukishuka vya kutosha kupita mahali ncha ya shina itakapofika. Vidole gumba vya miguu viguse, visigino viachane, ili mapaja yazunguke ndani kwa nyuzi 15 hivi. Shingo ya mfupa wa paja kwa kawaida hutazama mbele kidogo. Ukiyazungusha mapaja ndani, shingo inalala sambamba na bamba linalopokea picha, na urefu wake halisi unaonekana. Ukiacha miguu ianguke nje kama ya mtu aliyelala usingizi, shingo inaonekana fupi na mtoko unaonekana mdogo. Daktari naye ataagiza shina la mtoko mdogo kwa kosa lililofanyika kwenye chumba cha picha.

Umbali kutoka kwenye mashine hadi kwenye bamba uwe sentimita 100 au 120, chochote mnachotumia, ila usibadilike Jumatatu na Alhamisi.

Picha ikitoka, iangalie hivi kabla ya kumwachia mgonjwa aondoke. Ncha ya kifandugu ielekee kiungo cha kinena, na ikae juu yake kwa sentimita 1 hadi 3. Matundu mawili ya chini ya fupanyonga yafanane kwa upana. Moja likiwa jembamba, mgonjwa amelalia upande. Nundu ndogo ya paja, ile iliyo upande wa ndani, ionekane kwa mbali tu. Ikijitokeza kama chuchu, paja limezunguka nje.

Wapo ambao nyonga imekaza na haizunguki ndani hata kidogo. Usimlazimishe, utamuumiza bure. Andika kwenye picha "haizunguki", kisha daktari atapima mtoko kwenye upande usioharibika. Zikiwa zimeharibika zote mbili, huyo ni wa CT skani, eksirei ya vipande vipande inayojenga picha ya pande tatu.

Hatua ya 3: Mpira wa chuma

Hiki ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye safari nzima, na ndicho kinachokosekana.

Eksirei hukuza. Mfupa ukiwa mbali na bamba, kivuli chake kinakuwa kikubwa, kama kivuli cha mkono ukutani unapousogeza karibu na taa. Nyonga ya mtu wa wastani hukuzwa kwa asilimia 15 hadi 20 hivi. Mnene hukuzwa zaidi, mwembamba kidogo. Njia ya kujua kwa hakika ni kuweka kitu unachokijua kipenyo chake kwenye kimo kilekile cha mfupa.

Watengenezaji huuza mpira wa chuma wa milimita 25 kwa kazi hii. Usipopata, tafuta gololi kubwa ya beringi kwenye maduka ya vipuri, uipime mwenyewe kwa venia kalipa, uandike kipimo kwenye utepe na kuubandika juu yake. Sarafu inafaa pia, ila lazima isimame sambamba kabisa na bamba. Ikiinama inatoka kama yai, na ukipima kipenyo kifupi utakosea. Gololi haina tatizo hilo, ukiitazama popote ni duara.

Iweke wapi? Papasa nundu kubwa, ule mfupa unaougusa ubavuni mwa nyonga, uweke gololi kwenye kimo hicho kutoka mezani, kati ya mapaja au kando ya paja. Kosa la kila siku ni kuiacha imelala mezani. Hapo iko karibu na bamba, inakuzwa kidogo kuliko mfupa, na hesabu yote inaharibika.

Tupige hesabu. Gololi ya milimita 25 inatoka milimita 30 kwenye picha. 30 gawanya kwa 25 ni 1.2, yaani picha imekuzwa kwa asilimia 20. Tundu la fupanyonga linalopimika milimita 60 kwenye picha ni la kikombe cha 50. Angekuwapo mwenzako asiyeweka gololi, akakisia asilimia 15 kwa mazoea, angepata 52 na kidogo. Na gololi iliyolala mezani ikakupa 1.12 ingekufikisha karibu 54. Vikombe vingi huongezeka kwa milimita mbilimbili, kwa hiyo hapo umekosea saizi moja au mbili kabla hujashika kisu.

Nyongeza ndogo kuhusu simu. Najua sote tunatumiana eksirei kwa WhatsApp, na kwa ushauri wa haraka si vibaya. Lakini picha iliyopigwa kwa simu dirishani, imeinama upande, mwanga wa jua umeunguza kona moja, haipimwi. Omba faili halisi la picha kwenye CD au flashi. Kama mlipo bado mnatumia filamu, ining'inizwe kwenye taa yake na ipimwe kwa rula.

Hatua ya 4: Picha za ubavu, amesimama na amekaa

Mtu akisimama, fupanyonga huinamia mbele. Akikaa, hurudi nyuma, kwa kawaida nyuzi 20 hivi, na kikombe kilichomo ndani yake hufunguka zaidi mbele kumpisha mfupa wa paja unaopanda. Kila nyuzi moja ya fupanyonga kurudi nyuma huongeza mtazamo wa mbele wa kikombe kwa nyuzi 0.7 hivi. Mwili wenye afya unafanya kazi hiyo bila wewe kujua.

Mwenye mgongo uliokakamaa hapati msaada huo. Akikaa, fupanyonga haigeuki, paja linalazimika kukunja peke yake, na kikombe ulichokiweka vizuri kabisa mezani kinamgeuka.

Picha mbili tu zinatosha kulijua hili, na mashine ni ileile: ubavu akiwa amesimama, ubavu akiwa amekaa kwenye kiti ambacho mapaja yanalala usawa. Zote zionyeshe kuanzia pingili za kiuno hadi nusu ya paja. Chora mstari juu ya mfupa wa nyuma ya fupanyonga, pale pingili ya mwisho ya kiuno inapoukalia, upime pembe yake na mstari wa mlalo. Fanya hivyo kwenye picha zote mbili, kisha toa. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 10, mgongo umekaza. Huyo kikombe chake hupangiwa kutazama mbele zaidi, nyuzi 20 hadi 25, na mara nyingi hufikiriwa kikombe cha mwendo maradufu, kile kilichobuniwa Ufaransa miaka ya 1970, ambacho kichwa kidogo huzunguka ndani ya kichwa kikubwa cha plastiki.

Si lazima kila mgonjwa apigwe. Mimi huwapiga waliofungwa vyuma mgongoni, wazee wenye mgongo mgumu, na yule bibi wa mbuzi ya nazi.

Hatua ya 5: CT skani, kwa nani?

Eksirei ya fupanyonga ni mionzi isiyofika milisiveti 1. CT skani ya eneo hilo inaweza kufika 6 hadi 10, ambapo mazingira yenyewe humpa binadamu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Si ya kuogopwa, ila haiagizwi kwa mazoea, hasa kwa msichana wa miaka 22. Na mwanamke wa umri wa kuzaa aulizwe ujauzito kwa heshima, faraghani, sio mbele ya mama mkwe.

Faida yake ni kuona kile eksirei haiwezi: ukuta wa nyuma wa tundu umebaki kiasi gani, mfereji wa paja una upana gani kila sentimita, na shingo ya paja inatazama mbele kwa nyuzi ngapi. Hilo la mwisho linahitaji vipande vichache vya magotini pia, kwa sababu shingo hupimwa kwa kuilinganisha na mstari wa nyuma wa vichwa vya goti. Kwa hiyo fomu iandikwe: "fupanyonga yote hadi chini ya nundu ndogo, pamoja na vipande vya magoti yote mawili, mgonjwa asisogeze mguu katikati." Usipoandika magoti, hutaletewa magoti.

Ukishajua nyuzi za shingo, jumlisha. Shina lisilobandikwa kwa saruji ya mifupa hufuata mfupa ulivyo. Kama shingo inatazama mbele nyuzi 5 tu, shina nalo litaelekea huko, na kikombe ndicho kitakachobeba zaidi. Jumla ya kikombe na shina inayokubalika ni kati ya nyuzi 25 na 50.

CT ndiyo pia inayolisha roboti na vielekezi vinavyochapwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Ukitaka kujifunza kuchezea picha za pande tatu bila kulipa, 3D Slicer ni programu ya bure inayofanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida. Waliitengeneza kwa ajili ya utafiti, haina kibali cha tiba, kwa hiyo itumie kujielimisha na kuona umbo. Maamuzi yabaki kwenye vipimo unavyoweza kuvitetea. Na kumbuka CT hupigwa mtu akiwa amelala. Haijui anavyosimama.

MRI, picha ya sumaku, ni ya kugundua kichwa cha paja kilichoanza kufa kabla eksirei haijaonyesha kitu. Kwa kupanga saizi, iache.

Hatua ya 6: Kiolezo juu ya picha

Sasa kazi yenyewe. Kampuni za vifaa hutoa violezo: karatasi angavu zenye michoro ya kila saizi, au michoro hiyohiyo ndani ya programu. Angalia kwenye kona ya kiolezo kimechorwa kwa ukuzaji wa asilimia ngapi. Kikiwa cha 115 na picha yako ni 120, usikilaze juu yake hivihivi.

Anza na mstari wa msingi. Chini ya kila tundu la nyonga, upande wa ndani, kuna alama yenye umbo la chozi. Unganisha machozi mawili kwa mstari ulionyooka. Kama hayaonekani, tumia sehemu za chini kabisa za mifupa ya makalio. Kutoka kwenye mstari huo pima hadi nundu ndogo kila upande. Tofauti, ukishaigawa kwa ukuzaji, ndiyo tofauti ya miguu inayotoka nyongani.

Kikombe kwanza, shina baadaye. Nimeona watu wakianza na shina kwa sababu linaonekana kubwa na la kuvutia, halafu wakihamisha kikombe kulifuata. Kitovu cha nyonga kinawekwa na kikombe. Kilaze kwa nyuzi 40 kutoka mstari wa msingi, ukingo wake wa chini ufike usawa wa chozi, upande wa ndani ukaribie chozi bila kulipita. Saizi nzuri ni ile inayofunikwa na mfupa huku ikiondoa mfupa mchache. Weka alama ya kitovu chake.

Kisha shina. Lishushe kwenye mfereji mpaka lijae inavyotakiwa kwa aina yake: la saruji huachiwa nafasi ya saruji pande zote, lisilo na saruji hugusa mfupa mgumu. Weka alama ya kitovu cha kichwa. Sasa una vitovu viwili, na umbali kati yao ndio unaokuambia kitakachotokea ukishaunganisha. Kitovu cha kichwa kikiwa juu ya kitovu cha kikombe kwa milimita 12, mguu utarefuka milimita 12. Kikiwa ndani zaidi, kuelekea katikati ya mwili, mtoko utaongezeka. Kikiwa nje zaidi utapungua. Cheza na saizi ya shina, aina ya mtoko na urefu wa kichwa mpaka namba zikubaliane na vibao ulivyoviweka chini ya mguu siku ile ya kwanza. Mguu uliokuwa mfupi miaka mingi usiurudishe wote kwa mkupuo: walimu wengi huweka mpaka wa sentimita 4 kwa ajili ya mshipa mkubwa wa fahamu wa nyuma ya paja, na mimi hukaa mbali na mpaka huo.

Mwisho pima pa kukata shingo: milimita ngapi juu ya nundu ndogo. Pima pia kutoka ncha ya nundu kubwa hadi kitovu cha kichwa. Namba hizi mbili ndizo utakazoingia nazo thieta, maana nundu zote mbili utazigusa kwa kidole.

Selimundu na mifupa iliyovunjika zamani

Vitabu vya nje vinamchora mgonjwa wa nyonga kama mzee wa miaka 70 aliyesagika gegedu. Wapo hapa pia. Lakini foleni yetu ina kijana wa miaka 25 mwenye selimundu ambaye vichwa vyote viwili vya mapaja vimekufa kwa kukosa damu, na dereva wa bodaboda aliyevunjika tundu la nyonga miaka minne iliyopita akapelekwa kwa mganga wa mifupa wa kijijini.

Kwa mwenye selimundu, mfereji wa paja unaweza kuwa umejaa mfupa mgumu uliotokana na sehemu zilizokufa na kupona. Kwenye eksirei unaona weupe tu. Ukiingiza kitoboleo kwa nguvu, kinafuata njia rahisi na kutokea ubavuni mwa mfupa. Huyu apigwe CT. Pima upana wa mfereji mahali palipo pembamba kuliko pote, na uandike. Mara nyingi atahitaji shina dogo kuliko dogo lililomo kwenye seti ya kawaida, na utahitaji mashine ya eksirei ndani ya thieta kuifuatilia waya ya kuongoza. Tundu lake pia linaweza kuwa laini upande wa ndani, kwa hiyo kikombe kisisukumwe kama cha mtu mwingine. Damu, maji na mapafu ni mada ya daktari wa damu na wa usingizi, waite mapema.

Kwa aliyevunjika zamani, tafuta skrubu na sahani za zamani, zihesabu, na ujue ni za bisibisi gani. Tafuta pia ukuta wa nyuma ambao haupo. Na kama tundu liliwahi kutoa usaha, au kuna harufu ya kifua kikuu kwenye historia, mpango wa picha usimame mpaka vipimo vya maambukizi vitoke.

Hatua ya 7: Agiza kabla, sio siku hiyo

Mahali ambapo kila saizi iko kabatini, kupanga ni kwa ajili ya usahihi. Kwetu ni kwa ajili ya kuwa na kifaa. Wakala wa vifaa huleta seti yenye saizi za kati, na shina la mtoto au kikombe cha mwendo maradufu hutoka nje kwa ndege. Niliwahi kusimama thieta moja hapa mjini, mgonjwa amefunguliwa, tukakuta shina dogo lililokuwepo haliingii. Tulimaliza kwa kuuchonga mfupa zaidi ya nilivyotaka. Kosa lilikuwa langu: picha ilikuwa imeniambia wiki mbili kabla, mimi nilidhani seti inatosha.

Kwa hiyo andika oda kwa maandishi: saizi uliyopanga, moja juu yake, moja chini yake, urefu wa vichwa vitatu, na kifaa cha dharura endapo mfupa utapasuka. Mpe mgonjwa au bima yake orodha hiyo mapema, kwa sababu kibali cha kifaa kisicho cha kawaida hakitoki siku moja. Ndugu wakiuliza kwa nini upasuaji umesogezwa wiki tatu wakati kitanda kipo, waonyeshe picha na mfereji wenyewe. Wanaelewa haraka kuliko tunavyodhani.

Ndani ya thieta na siku ya pili

Bandika picha ukutani, na mpango pembeni yake kwa maandishi makubwa. Kabla ya ngozi kukatwa soma kwa sauti: upande, saizi ya kikombe, nyuzi, saizi ya shina, mahali pa kukata. Mgonjwa aliyelazwa ubavu huviringika mbele msaidizi anapovuta paja, na fupanyonga ikiviringika, nyuzi 15 ulizoziona kwa jicho sio 15. Kagua vishikizo vyake tena kabla ya kugonga kikombe. Mfupa ukikataa mpango, usikilize mfupa, lakini simama uulize kwa nini. Kitoboleo cha saizi tatu chini ya uliyopanga kikigoma, kwanza hakikisha hakijaelekea pembeni.

Baada ya upasuaji piga picha mama tena, kwa gololi ileile na miguu ileile. Pima mlalo wa kikombe kutoka mstari wa machozi. Kwa mtazamo wa mbele, mdomo wa kikombe huonekana kama yai: gawanya kipenyo kifupi kwa kirefu, kisha tafuta pembe ambayo sine yake ni namba hiyo (kitufe cha sin⁻¹) kwenye kikokotoo cha simu. Milimita 13 kwa 50 ni 0.26, ambayo ni nyuzi 15. Andika ulichopanga na ulichopata kwenye daftari moja, mstari kwa mstari, bila kujionea haya. Langu liliponifikisha kwenye mgonjwa wa thelathini niligundua vikombe vyangu vya nyonga ya kushoto vinasimama wima kuliko vya kulia, jambo ambalo hakuna mtu angeniambia.

Na mgonjwa anapoondoka, bahasha yake ya kaki iwe na vitu viwili vipya: nakala ya picha hiyo, na kadi yenye stika za vifaa vyote vilivyomo mwilini mwake, kampuni, aina na saizi. Mwambie asiiweke juu ya kabati la bati. Miaka 15 ijayo, akihitaji kubadilishiwa bitana, daktari wa Mwanza au Mtwara atakayemfungua atakuwa hajui hata jina lako.